Vidonge Baada ya Makambi

Habari hiyo Persis aliisikia kwenye jukwaa la maziwa, akiwa bado na mkebe kichwani, kabla hajapata nafasi ya kuutua. Kwamba huko Kenyenya kuna mtoto aliyekuwa na kifafa kibaya, na siku wazazi wake walipovichukua vidonge vya hospitali wakavitupa chooni na kumwachia Mungu, mtoto akasimama. Hajaanguka tena mpaka leo.

"Nani alikwambia?" Persis aliuliza.

"Watu," alisema Bathsheba, mke wa mwenye duka la njia panda. "Habari kubwa namna hiyo inangoja mtu mmoja wa kuisema?"

"Wewe umemwona huyo mtoto?"

"Kenyenya niende kufanya nini, mama Mokeira? Nina duka. Lakini shemeji yangu ana binamu, na huyo binamu mke wake ametoka kule."

"Basi ni kama wewe ndiye uliyemzaa," mwanamke mmoja alisema, na wote wakacheka, na Persis naye akacheka kidogo ili asionekane ameumwa.

Lori lilifika. Dereva, Omwenga, alikuwa na desturi ya kufungua kila mkebe, kuingiza pua ndani, kisha kutoa hukumu. Maziwa yenye harufu ya moshi yalirudi nyumbani. Maziwa yaliyoingia nzi yalirudi nyumbani. Mwanamke akirudishiwa mkebe alipita nao katikati ya mashamba ya Nyansiongo hali kila mtu anaona umejaa, na siku nzima hakuna aliyemuuliza kitu kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshajua. Siku hiyo mkebe wa Persis ulipita. Alirudi akiwa mikono mitupu, lakini ile habari ya Kenyenya ilikuwa imemkaa kama kibanzi chini ya ukucha.

Binti yake Mokeira naye alikuwa na kifafa, lakini alikuwa hajaanguka tangu mahindi yalipopaliliwa mara ya kwanza, na sasa mahindi yalikuwa yakikauka shambani. Kabla ya hapo alianguka popote: darasani, kisimani, kanisani wakati wa sala. Mwaka uliotangulia, 1970, aliangukia mekoni. Binamu zake waliokuwa wakiota moto pamoja naye walikimbia, kwa sababu wamefundishwa kwamba povu la mtu wa kifafa likikugusa na wewe utaanguka. Hata nyanya yake, Mong'ina, mama mkwe wa Persis, alikimbilia uani akapiga mayowe. Aliyemvuta motoni ni Persis, aliyetoka mbio shambani na jembe mkononi, na mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umeshaungua hadi kwenye kiwiko.

Hapo ndipo walipompeleka hospitali, Kisii mjini. Daktari aliandika vidonge vidogo vyeupe, na nesi akaeleza kwa Ekegusii, polepole, akimtazama Persis machoni: kimoja kila jioni, asikose hata jioni moja, na msiache mpaka tuwaambie sisi. Baada ya hapo wangevichukua karibu, kwa Andrew, dresa mgawa dawa wa zahanati ya sokoni.

Na vidonge vilifanya kazi, ingawa polepole. Mokeira alirudi shule. Lakini asubuhi alikuwa mzito, akivaa gauni nyuma mbele, akisimama mlangoni na kikombe mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

"Huyu si mtoto tena," Mong'ina alisema. "Ni gunia la viazi lenye macho."

"Mama, haanguki," Persis alisema.

"Gunia nalo halianguki. Linakaa tu pale ulipoliweka. Mimi nilisema tangu mwanzo, apelekwe kwa omobari, yule mkwanguzi wa vichwa. Mjomba wangu alifunguliwa fuvu, likakwanguliwa, likafungwa, akaishi mpaka akawa mzee kuliko mimi."

"Alikuwa na kifafa?"

"Alipigwa rungu."

"Sasa, Mama!"

"Kichwa si ni kichwa?"

Ombati, baba yake Mokeira, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimaliza uji wake, akaifuta midomo, akasema, "Hakuna mtu atakayemfungua mwanangu fuvu," na mazungumzo yakaishia hapo. Persis alimshukuru moyoni.

Mzee Manasseh, mzee wa kanisa, alikuja Jumatano amevaa koti lake la kijivu, ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliwekewa kiti, akaletewa uji wa wimbi. Ombati alikuwa na mistari kadhaa ya majani chai nyuma ya nyumba, lakini chai yenyewe haikuingia mdomoni mwa Mwadventista yeyote wa mtaa ule.

"Makambi ya kanisa ya mwaka huu yatakuwa hapa kwetu," Manasseh alisema. "Watu watatoka Nyamira, watatoka mpaka Kenyenya. Na mimi ndiye nimepewa saa ya ushuhuda. Ombati, watu wamechoka kusikia habari za ng'ombe aliyepotea akapatikana. Kila mwaka ng'ombe amepotea, kila mwaka amepatikana. Na ninyi mnao ushuhuda humu ndani. Huyo hapo, anakunywa uji."

Mokeira alijificha nyuma ya kikombe, akicheka.

"Mzee," Persis alisema, "anatumia dawa."

"Dawa aliiumba nani?"

"Mungu."

"Basi sioni taabu."

Persis alipumua. "Kwa hiyo tuseme na habari ya vidonge."

Manasseh alikohoa, akakiweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto alipoungua, yeye ndiye aliyeleta mafuta na sabuni, akakaa nao mchana kutwa. "Dada yangu, saa ya ushuhuda ni fupi. Ukianza mambo ya vidonge, mara nesi, mara foleni, watu watasinzia. Semeni alikuwa anaanguka na sasa haanguki. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," alisema Ombati.

"Basi hiyo ndiyo semeni."

Makambi yalijaa. Watu walikuja na sufuria zao, mikeka yao na watoto wao, wakapiga vibanda vya turubai na nyasi kwenye uwanja wa shule. Persis alikuwa amemshonea Mokeira gauni la njano lenye mikono mirefu ili kovu lisionekane.

Sabato mchana waliitwa mbele. Ombati ndiye aliyesema, maana ndiye mwanamume. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mtoto huyu alikuwa anaanguka. Mnamjua. Wengine mlimkimbia. Leo haanguki."

Hema lilipasuka kwa amina. Manasseh alimpa Mokeira Biblia, mtoto akasoma mstari bila kukwama, na hapo wimbo ukaanza wenyewe pasipo mtu kuuanzisha. Bibi kizee mmoja alitoka mabenchi ya nyuma, akauweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. Persis aliuona mkono ule, akalia. Kwa miaka hakuna mtu nje ya nyumba yake aliyekuwa amekigusa kichwa kile.

Lakini jambo kubwa lilitokea baadaye, wakati wa chakula. Mokeira alizoea kula peke yake. Popote walipokwenda alibebewa sahani yake ya bati, na mama wa watoto wengine waliangalia isichanganywe na zao. Siku hiyo mke wa Manasseh aliandaa sinia moja la obokima, ugali wa wimbi, na mboga na nyama, watoto wakalizunguka, akamwita, "Mokeira, njoo, unangoja nini?" Mama wengine walitazamana. Hakuna aliyemwondoa mtoto wake.

Mokeira alirudi mbio, vidole vimejaa mboga. "Mama! Tumekula sinia moja! Na nyama ya mwisho walinipa mimi!"

"Umenawa lakini?"

"Mama, nimekwambia sinia moja!"

Wakati huohuo, upande wa wanaume, mwanamke mgeni mwenye kitambaa cha buluu alimsogelea Ombati. Alisema ana dada ambaye mtoto wake anaanguka pia. "Ndugu, nisaidie," alisema. "Vile vidonge vya hospitali mlivitupa lini?"

Wanaume wote waligeuka kumtazama Ombati. Persis, aliyekuwa amekuja kumwita, alisimama hatua chache nyuma yao. Alimwona mumewe akifungua mdomo, akaufunga, akamtazama Mzee Manasseh, kisha akatazama kofia yake.

"Vidonge?" alisema. "Vidonge vya nini tena?"

Wanaume wakasema amina. Mwanamke wa kitambaa cha buluu akashukuru, akaondoka haraka kama mtu aliyepewa kitu asitake kukimwaga.

Jioni waliporudi nyumbani, Persis alichukua kopo la vidonge na kijiko kama kawaida.

"Weka chini," Ombati alisema.

"Ni saa yake."

"Nimesimama mbele ya watu, mama Mokeira."

"Ulisema haanguki. Hukusema hatumii dawa."

"Wamesikia hivyo."

"Hilo ni kosa la masikio yao."

"Haya. Wiki ijayo nikaonekana kwa Andrew, kwenye lile benchi la zahanati, katikati ya soko, kila mtu anapita na kabichi yake. Niseme napanga foleni ya nini?"

"Sema unapanga foleni ya vidonge."

"Na yeye?" Ombati alimwonyesha mtoto kwa kidevu. Mokeira alikuwa ameketi kwenye kigoda, akijisimulia mwenyewe habari za sinia. "Wakijua bado anakunywa, watamrudishia sahani yake ya bati. Unataka hivyo?"

Persis hakulitaka hilo. Alilirudisha kopo mahali pake, lakini Ombati alipotoka kufunga ng'ombe, alikiponda kidonge kwa chini ya kijiko, akakichanganya kwenye uji.

Alifanya hivyo kila jioni, kwa siri, kama mwizi katika jiko lake mwenyewe. Vidonge vilipopungua alianza kuvikata nusu. Kwenda kwa Andrew aliogopa. Siku moja alifika mpaka sokoni, akaliona lile benchi, na Bathsheba ameketi juu yake na mtoto mwenye homa. "Mama wa ushuhuda!" Bathsheba aliita kwa furaha. "Unaumwa na nini?" Persis akasema amekuja kununua chumvi. Alinunua chumvi, akarudi.

Mong'ina ndiye aliyelipata kopo, chini ya wimbi kwenye chungu. Hakupiga kelele. Alikwenda nalo moja kwa moja nyuma ya nyumba, na Persis aliyemkimbilia alifika wakati mama mkwe wake anatoka chooni akikung'uta mikono.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya walichofanya wale wa Kenyenya. Wewe mokamwana, wewe mke wa mwanangu, Mungu amemaliza kazi, wewe unakuja nyuma yake kufagia palipofagiwa. Unataka watu waseme mwanangu alidanganya kanisani?"

"Daktari alisema tusiache."

"Daktari alimwona mara moja. Mimi namwona kila siku."

Na kweli, siku zilizofuata zilimpa Mong'ina ushindi. Mokeira aliamka. Uzito wa asubuhi ulimtoka kama blanketi. Alivaa gauni mbele mbele, aliruka kamba, alimwiga Mzee Manasseh akitembea na koti lake kwenye jua, mikono nyuma, mpaka Mong'ina akashika mbavu kwa kucheka. "Mnaona? Gunia limepata miguu," alisema, akimvuta mjukuu wake kifuani. Alimpenda. Hakuna aliyeweza kusema hakumpenda.

Persis alimtazama mtoto akiruka kamba, na ile habari ya Kenyenya ikamrudia. Safari hii haikumchoma. Labda ni kweli, alijiambia. Labda mimi ndiye niliyekuwa nikimzuia.

Mokeira alianguka asubuhi moja, wakati wa kukamua, amevaa gauni lake la njano, amemshika ndama kwa kamba ili Persis apate nafasi. Persis alisikia kamba ikivutwa, akageuka, akaona ndama amefika kwa mamaye na mtoto yuko chini kwenye matope, mgongo umekakamaa kama upinde.

Alikuwa ameona mengi, hakuogopa mara moja. Alimlaza ubavu, akangoja kutetemeka kuishe. Kukaisha. Kabla mtoto hajafumbua macho, kukaanza upya. Kukaisha, kukaanza. Midomo ilikuwa ikigeuka rangi ya majivu.

Mong'ina alikuja na mwiko wa mti, akauingiza kwa nguvu kati ya meno. "Asimeze ulimi! Asimeze ulimi!" Kitu kikavunjika mdomoni. Persis aliuvuta mwiko, na jino likatoka nao, na damu.

"Baba Mokeira! Lori! Lori halijapita!"

Ombati alimbeba mtoto mikononi, miguu yake ikimpiga mapajani, wakakimbia mpaka barabarani. Lori lilikuwepo. Mikebe ilikuwa imepangwa jukwaani na wanawake wamesimama kila mmoja kando ya wake, na Omwenga anafungua na kunusa. Walipowaona wakija, mtu mmoja alifunika mkebe wake. Kisha wa pili. Vifuniko vilisikika vikigonga, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa jukwaa.

"Tupeleke hospitali," Ombati alisema. "Omwenga, ndugu yangu. Hata nyuma."

Omwenga alitazama povu lenye damu kwenye shingo ya mtoto. "Mimi sina neno, mzee. Lakini hii ni chakula ya watu. Wenyewe waseme."

Wanawake walikandamiza vifuniko vyao.

"Mbele basi," Persis alisema. "Akae mbele na wewe."

Taniboi, msaidizi wa dereva, aliyekuwa ndani ya lori aliufungua mlango wa upande wa pili, akashuka, akasimama mbali.

"Bathsheba," Persis aliita. "Mama yangu. Uliniita mama wa ushuhuda. Waambie wakubali."

Bathsheba alikuwa ameushika mfuniko wa mkebe wake kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mama Mokeira," alisema, "si mlisema haanguki?"

Persis aliuchukua mkebe wa mtu aliyekuwa karibu naye, hata hakuangalia ni wa nani, akataka kuushusha ili apatikane mahali pa kumlaza mtoto, na mwanamke yule akaushika upande wa pili akavuta. Wakavutana hivyo, kimya, watu wazima wawili, mpaka maziwa yakamwagika kwenye nguo zao zote mbili. Omwenga alipanda, akawasha. Wanawake walipandisha mikebe yao upesi. Lori likaondoka.

Aliyewakuta pale barabarani ni Mzee Manasseh. Alikuwa ameitwa na mayowe. Alimtazama Mokeira akitetemeka mapajani mwa mama yake, akamtazama Ombati, na Ombati hakumtazama. Mzee alilivua koti lake. Walikata miti miwili kwenye ua, wakaipitisha kwenye mikono ya koti na kwenye gunia, wakapata machela. Manasseh alishika mbele, Ombati nyuma, na Persis alikimbia kando akifuta mdomo wa mtoto kwa upindo wa kanga. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Njiani Manasseh alisema mara moja tu, bila kugeuka, "Ombati, si alikuwa bado anakunywa zile dawa?" na Ombati akasema, "Uliniambia nisianze mambo ya vidonge."

Walipata gari la mfanyabiashara wa mahindi mbele ya soko. Jua lilikuwa juu walipofika mjini. Mokeira alikuwa ameacha kutetemeka kwa nguvu; sasa zilibaki kope tu na pembe ya mdomo. Persis alidhani ni nafuu. Nesi alipomwona alikimbia kumwita daktari.

Alichomwa sindano, akalala. Akalala mno. Alipofumbua macho, siku nyingine, alimtazama Persis kama unavyomtazama mpita njia. Persis alimwita jina. Alimwimbia. Alimwambia habari ya ndama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine, na ule wa kushoto, wenye kovu, ulikuwa ukitafuta, ukitafuta, mpaka ukashika kidole cha mama yake.

"Atarudi?" Persis alimuuliza daktari.

Daktari alizungumza, na nesi, si yule wa kwanza, akatafsiri. "Anasema mengine yatarudi. Hajui ni yapi. Anauliza, aliachishwa dawa ghafla?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

Persis alifikiri. Alimfikiria Mong'ina akikung'uta mikono, na Ombati na kofia yake, na Manasseh, na sinia la obokima, na yeye mwenyewe akinunua chumvi. "Na sisi," alisema.

Vidonge vilianza upya, kimoja kila jioni, na kingine asubuhi.

Katika kitanda cha jirani aliletwa mtoto wa kiume amefungwa bendeji kuanzia kifuani mpaka shingoni. Mama yake aliitwa Kemuma. Alikuwa mwanamke mwenye uso wa ucheshi, ule ucheshi ambao hauondoki hata mtu akiwa hajalala. Alimpa Persis nusu ya ndizi yake.

"Wako ameungua?" Persis aliuliza.

"Aliangukia motoni. Ana kifafa, Ogari wangu. Ukitaka kusogeza kitanda, sogeza, sitakasirika. Wengi wamesogeza."

"Wangu pia ni kifafa."

"Aa!" Kemuma akasogea karibu, karibu kabisa, mpaka magoti yao yakagusana. "Basi wewe huna haja ya kuelezwa. Alikuwa amepata nafuu, unajua. Vidonge vilimshika vizuri. Ni sisi tulioacha."

"Kwa nini mliacha?"

"Tulisikia habari." Kemuma alitikisa kichwa. "Si kusikia tu. Dada yangu alikuwepo makambini, kule juu kwenye mashamba ya wazungu wa zamani. Kulikuwa na mtoto alikuwa anaanguka vibaya sana, wazazi wakatupa vidonge, akapona. Akasimama mbele ya watu amevaa gauni la njano, akasoma Biblia. Dada yangu si mtu wa kupeleka uvumi, alikwenda akamuuliza baba wa huyo mtoto kwa mdomo wake, mlitupa lini? Baba akamjibu, 'Vidonge vya nini tena?' Unaona imani hiyo? Nikasema, kama Mungu wa Nyansiongo ameweza, wa Kenyenya atashindwa?"

Persis alikuwa ameshika ganda la ndizi.

"Wewe umetoka upande gani?" Kemuma aliuliza.

"Nyansiongo."

"Kweli? Basi lazima unamjua. Anaitwa Mokeira."

Persis aliinuka. Alilivuta blanketi polepole, mpaka likafika kiunoni, na gauni la njano likaonekana, lenye mikono mirefu, limefuliwa damu isitoke yote.

"Ndiye huyu," alisema.

Kemuma alitazama. Alitazama mkono uliolala na mdomo uliopungukiwa jino. Ule ucheshi wa uso ulimtoka, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Na ninyi," aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo, "mlisikia kwa nani?"

"Tulisikia kuna mtoto wa Kenyenya."

"Kenyenya yupo huyu tu," Kemuma alisema, akayaweka macho yake juu ya bendeji. "Simjui mwingine."

Kwa hiyo wewe unayemlea mtoto wa namna hii, yaepuke haya:

Usiache vidonge kwa kuwa mtoto haanguki. Haanguki kwa sababu ya vidonge.

Usivikate nusu kwa kuogopa kuonekana kwenye benchi la zahanati.

Ukiona vinamlevya, usiviache. Rudi kwa aliyeviandika ukamwambie.

Usimtie mwiko mdomoni wala kidole wala maji. Mlaze ubavu, ungoje.

Usingoje akianguka mara ya pili kabla hajaamka. Hapo kimbia hospitali.

Usimkimbie. Povu haliambukizi mtu wala maziwa.

Usimwache peke yake karibu na moto wala kisimani.

Usimpeleke akafunguliwe fuvu.

Usimpe sahani yake ya peke yake.

Ukimshukuru Mungu mbele ya watu, usivifiche vidonge. Vishike mkononi, waone.

Na usiseme "nimesikia" juu ya mtoto ambaye hujamwona.